Nguvu ya Cheo na Maarifa Yafichikayo

Leo tutazungumza juu ya jambo lionekanalo katika kila kazi, iwe ya shamba, ya karakana, ya shule au ya ofisi: jinsi mtu ajionavyo kuwa ana nguvu au hana, na jinsi jambo hilo ligeuzavyo moyo wake na ulimi wake.

Mwaka 2003 wataalamu watatu wa elimu ya nafsi huko Marekani, Dacher Keltner, Deborah Gruenfeld na Cameron Anderson, walikusanya habari za uchunguzi mwingi, wakaeleza hivi. Mtu ajionaye ana nguvu huwa na moyo mkunjufu. Hutenda upesi, na husema alilo nalo bila ya kusita. Walakini mtu huyo huyo huelekea kutowatazama wenziwe kwa makini. Asiye na nguvu hujaa wasiwasi. Macho yake hutafuta hatari, na ulimi wake huwa mzito. Basi kazini mkubwa aweza kusema mengi na kusikia machache, na mdogo akaona mengi na kusema machache.

Chukua mfano wa gereji iliyo kando ya barabara, kama zile za Ilomba katika jiji la Mbeya. Saidia fundi yumo chini ya lori, naye aona mafuta ya breki yavuja kidogo. Kama fundi mkuu ana desturi ya kumkaripia mbele ya wateja, kijana atajiambia, “Nikisema, nitachekwa.” Atanyamaza, na lori litakwenda kuteremka mlima na ubovu wake. Fundi hakukosa ujuzi. Alikosa habari, na habari ilikuwa hatua mbili tu kutoka miguuni pake.

Kisa cha kweli cha namna hii chahusu nyanda zetu hizi. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa akisoma shule ya sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa haba, naye akaogopa kuikosa, akayatia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake mmoja mjini Tanga, aliyeuza aiskrimu, alimwambia kuwa yeye hutumia maziwa moto makusudi ili yagande upesi. Maarifa yalikuwako sokoni, ila hayakuwa na njia ya kufika darasani.

Baadaye Mpemba aliingia shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimcheka kwa maneno kama hayo. Ndipo akaja mgeni, Dr. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akamwuliza swali lile lile, na wenziwe wakamdhihaki. Osborne hakulidharau wala hakujifanya anajua. Alikiri kuwa hajui jibu, akaahidi kujaribu atakaporudi Dar es Salaam. Alijaribu, na mwaka 1969 wote wawili wakatoa makala juu ya jambo hilo. Humo Osborne alionya juu ya hatari ya elimu itegemeayo amri ya wakubwa.

Wataalamu hawajapatana hata leo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, huko Uingereza, walipima tena, wasione ushahidi wa kutosha. Lakini hilo halipunguzi fundisho letu. Swali la kijana laweza kupimwa likishasemwa. Likizimwa kwa kicheko, hakuna ajuaye kama ni kweli au si kweli.

Yuko pia fundi afichaye ujuzi wake kwa hofu ya kuwa mwanafunzi atampita. Huyu aonekana mwenye nguvu, kumbe nguvu zake zategemea ujinga wa wengine. Akiugua siku moja, kazi yote husimama.

Basi wewe uliye mkubwa wa kazi, fanya mambo matatu. Kwanza, uliza kabla ya kuamuru: “Umeona nini?” Pili, usimcheke aliyekosea mbele ya watu, maana wote wasikiao hicho kicheko hujifunza kunyamaza. Tatu, usipojua, sema hujui, kisha pima. Na wewe uliye mdogo, ukiona neno, lieleze kwa adabu na kwa wakati wake. Na kama ukiweza, lijaribu kwanza, kama Mpemba alivyojaribu maji katika maabara ya Mkwawa, ili uwe na cha kuonyesha.

Wazee walisema mkubwa ni jalala, yaani hupokea kila kiletwacho. Asiyepokea maneno ya wadogo, siku ya hatari hataletewa habari.