Mapovu ya Usiku Juu ya Kigali

Ionosfia ni tabaka la juu la angahewa, kuanzia kilomita 60 hivi hadi 1,000 kutoka ardhini, ambako miale ya jua ya urujuanimno na eksirei hung'oa elektroni kwenye atomi za gesi. Gesi iliyong'olewa elektroni hivyo huitwa plazma, na hakuna wimbi la redio linalopita ndani yake bila kuguswa. Mawimbi ya masafa mafupi hupindwa na kurudishwa chini. Yale ya setilaiti hupenya, lakini hucheleweshwa njiani.

Kigali imeonja yote mawili. Kwa miaka 50, kuanzia 1965 hadi 28 Machi 2015, kilima cha Kinyinya kilikuwa na kituo cha kurushia matangazo cha redio ya Deutsche Welle. Msikilizaji wa mbali aliyetegea idhaa ya Kiswahili ya redio hiyo aliipata kwa sababu ionosfia ilikuwa kioo kilichomrudishia sauti kutoka juu. Siku hizi mawimbi yanayotegemewa zaidi hushuka kutoka angani: wapima ardhi huweka mipaka ya viwanja kwa GPS, nazo droni za kampuni ya Zipline, zilizoanza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga mnamo Oktoba 2016, hupata njia kwa setilaiti hizo hizo. Kioo cha zamani sasa ni kikwazo.

Ukubwa wa kikwazo hutegemea wingi wa elektroni zilizo kati ya setilaiti na kipokezi. Kizio chake ni elektroni 10,000,000,000,000,000 (moja na sufuri 16) katika mhimili wenye kitako cha mita moja ya mraba. Kila kizio kimoja hurefusha umbali unaosomwa na GPS ya kawaida kwa sentimita 16. Alasiri ya miaka ambayo jua limechangamka, eneo la tropiki linaweza kuvuka vizio 80, yaani kosa la takriban mita 13. Kwa dereva wa teksi si kitu. Kwa mpima ardhi ni kiwanja cha jirani.

Ucheleweshaji huo, hata hivyo, hurekebishika, kwa kuwa mawimbi ya masafa tofauti hucheleweshwa kwa viwango tofauti, na kipokezi kinachosoma masafa mawili huweza kukokotoa kosa na kuliondoa. Shida hasa huja usiku, na hapo ndipo mahali ilipo Kigali panapoanza kuwa na uzito. Ikweta ya sumaku ya dunia haifuatani na ikweta ya ramani: barani Afrika hupita kaskazini zaidi, karibu na Addis Ababa. Mchana, nguvu za umeme na sumaku huinua plazma juu ya mstari huo, kisha ikamwagika pande zote mbili kama chemchemi. Kigali, iliyo nyuzi 11 hivi kusini mwa mstari huo, imo katika mmwagiko wa kusini.

Jua linapotua Kigali, yapata saa kumi na mbili jioni, tabaka lililo kilomita 300 juu huendelea kuliona kwa zaidi ya saa nzima. Tabaka la chini, kwenye kilomita 110 hivi, huingia gizani mapema, na elektroni zake huungana tena na ioni haraka. Tabaka la juu nalo husukumwa juu zaidi, likabaki zito juu ya jepesi, mithili ya maji yaliyowekwa juu ya mafuta. Mpangilio kama huo haudumu. Sehemu nyepesi hupenya kwenda juu katika mapovu yenye upana wa makumi ya kilomita au zaidi, na kimo kinachoweza kufika kilomita 1,000. Wimbi linalokatiza povu humetameta kama nyota, na kipokezi huweza kuipoteza setilaiti kabisa. Hayo hutokea zaidi kati ya saa moja usiku na saa sita, hasa miezi ya kuzunguka Machi na Septemba.

Vituo vya ardhini, kama NURK mjini Kigali na MBAR huko Mbarara, Uganda, huona anga la mamia machache ya kilomita tu kuvizunguka, na katika misitu ya Kongo vituo ni haba. Ndiyo maana macho ya angani yanahitajika. Mwaka 2008 jeshi la anga la Marekani lilirusha C/NOFS, setilaiti iliyoundwa mahususi kutabiri misukosuko hii. Ilifika jua likiwa limetulia kupita kiasi, ikakuta mapovu mengi yakitokea baada ya usiku wa manane badala ya jioni: somo lililowagharimu watabiri kujiamini kwao. Swarm za Ulaya, tatu, zilifuata Novemba 2013. GOLD, iliyorushwa 2018, hupiga picha za mapovu yenyewe, lakini imesimama juu ya upande wa Amerika, na Afrika Mashariki haimo katika picha zake nzuri.

Msaada mkubwa kwa ukanda huu ni COSMIC-2, setilaiti sita za Taiwan na Marekani zilizorushwa 25 Juni 2019. Mizingo yao haipandi mbali na tropiki, hivyo hupita juu ya eneo la maziwa makuu mara nyingi kwa siku. Kila moja huitazama setilaiti ya GPS ikizama nyuma ya ukingo wa dunia, na kwa namna wimbi linavyopindika hupimwa plazma ya kila kimo.

Utabiri una ngazi mbili. Tufani ya jua hutangulia kuonekana: setilaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kuelekea jua hutoa onyo la dakika 15 hadi saa moja kabla upepo wake haujafika. Mapovu ni magumu zaidi, kwani tufani huweza kuyachochea au kuyazima, na usiku mbili zinazofanana kwa kila kipimo huweza kutofautiana. Linalowezekana ni kuyafuata yakishazaliwa. Jioni mapovu husogea mashariki kwa takriban mita 100 kwa sekunde, hivyo povu lililoonekana kwenye longitudo ya Kisangani, kilomita 540 magharibi mwa Kigali, hufika baada ya saa moja na nusu. Kwa mpima ardhi muda huo watosha kukunja vifaa na kupanga kazi ya asubuhi, anga likiwa limetulia.