Mwanagenzi makavazini: Faili ikikosewa rafu, ushahidi hupotea

MWANAFUNZI wa chuo anapoambiwa atafanya mafunzo ya nyanjani katika makavazi, aghalabu hudhani ametumwa kufuta vumbi. Dhana hiyo ni potovu, na gharama yake humwangukia mwananchi anayefika kutafuta historia ya kwao asiipate.

Chukua mfano wa Mutuini, katika eneo la Dagoretti, magharibi mwa Nairobi. Mkazi wa huko huenda akataka kujua jinsi mashamba ya wazee wake yalivyounganishwa na kuandikishwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952. Hatimiliki hutafutwa katika ofisi za ardhi. Hata hivyo, barua na ripoti za watawala wa wakati huo hutafutwa katika Makavazi ya Kitaifa, yaliyo karibu na sanamu ya Tom Mboya katikati mwa jiji.

Mkazi huyo akiulizia faili za Nairobi, huenda akarudi nyumbani mikono mitupu. Sababu ni kwamba enzi za ukoloni Dagoretti ilikuwa chini ya wilaya ya Kiambu. Faili za mkuu wa wilaya hiyo hutambuliwa kwa herufi DC/KBU, na humo ndimo anamopaswa kuanzia.

Hilo ndilo somo la kwanza la mwanafunzi: nyaraka hupangwa kwa kufuata ofisi iliyoziandika, wala si kwa mada au mipaka ya leo. Atakayezichanganya kwa nia njema ya "kuzipanga vizuri" atakuwa amevunja uzi unaoonyesha nani alimwandikia nani, lini na kwa nini.

Kazi yenyewe ina hatua zake. Faili zikipokelewa, husafishwa kwa brashi laini na kuondolewa pini zilizoshika kutu. Kisha kila moja husomwa kwa kiasi cha kuielewa, ikaandikwa katika orodha pamoja na miaka yake, ikapewa nambari na kutiwa katika sanduku. Anayehudumu katika chumba cha kusomea huitoa msomaji anapoiomba, na kuirudisha pale pale ilipotoka. Penseli ndiyo hutumika, kwa sababu wino hauna dawa ukimwagika. Faili iliyorudishwa katika rafu isiyo yake haijaibwa wala kuchomwa, lakini kwa msomaji ajaye ni kama haipo.

Makavazi hayo yaliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965. Mbali na karatasi za serikali, jumba hilo lina mkusanyo wa vitabu na sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais. Hatua chache kutoka hapo, katika Barabara ya Banda, ipo Maktaba ya McMillan. Ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa ajili ya Wazungu, na miaka mingi ilipita kabla ya Mwafrika kuruhusiwa kusoma humo. Magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa humo yanahitaji uangalifu uo huo.

Uzito wa orodha ulidhihirika London. Mwaka wa 2009, wazee Wakenya waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyopata wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka wa 2011, serikali hiyo ilikiri kwamba ilikuwa na maelfu ya faili zilizotolewa katika makoloni yake, Kenya ikiwamo, zikiwa zimefichwa Hanslope Park. Miaka miwili baadaye ilikubali kuwalipa waathiriwa 5,228. Kwa takriban nusu karne ushahidi huo ulikuwepo, lakini haukuwa katika orodha ambayo mwananchi angeweza kuisoma.

Ni vyema pia kutofautisha mambo mawili. Mafunzo ya nyanjani ni sehemu ya masomo, kwa kawaida huchukua takriban miezi mitatu, na mara nyingi hayana malipo. Uanagenzi wa baada ya kuhitimu ni jambo jingine. Mpango wa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mfano, huwa wa mwaka mmoja na una marupurupu. Mwanafunzi anayetoka Mutuini hujilipia nauli na chakula kila siku, na wapo wanaokatiza mafunzo kwa sababu hiyo pekee.

Basi anayempokea ana wajibu. Asimtume chai na kumwachia vumbi kwa miezi mitatu. Ampe sanduku moja ambalo halijaorodheshwa, amwelekeze, kisha aikague orodha yake kabla haijawekwa mbele ya wasomaji. Mwanafunzi naye aulize kabla ya kukihamisha kikaratasi chochote.

Siku mkazi wa Mutuini atakapofika na kuelekezwa moja kwa moja kwenye DC/KBU, huenda asijue ni nani aliyeiandika orodha ile. Lakini jibu atakuwa amelipata.