Taarifa ya Aliyeona: Kwa Nini Mtoto wa Umoja Anampenda Jon

Mwaka wa 2000 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, na stima Nairobi ikawa ya zamu. Kwetu Umoja, mtaa wa Eastlands ambao Baraza la Jiji liliujenga miaka ya 1970 kwa mkopo wa Wamarekani, giza likiingia watoto wa ploti nzima tulikuwa tunajazana kwenye ngazi. Koroboi moja katikati, mafuta ya taa yananuka, ukuta umejaa vivuli vyetu. Kisha mmoja wa wakubwa anakohoa na kuanza: "Hii si hadithi. Hii ilimtokea makanga wa matatu ya 35/60."

Kelele zinakwisha hapo hapo.

Mwanamke kapanda gari la mwisho kutoka tao. Kajifunika buibui, analipa nauli bila kusema neno. Kufika Mutindwa anataka kushuka, makanga anainama na tochi ammulikie ngazi, na badala ya viatu anaona kwato. Msimulizi wetu alijua kila kitu: ilikuwa Alhamisi, alilipa kwa noti ya mia, chenji hakuchukua. Makanga mwenyewe hatukuwahi kumjua, lakini usiku ule hakuna aliyekwenda choo peke yake.

Nimeanzia huko kwa sababu mmekuwa mkiniuliza hii podikasti ninayoisikiliza kila usiku nikienda kazini hapa Uingereza ina nini, hata watu wazima wanaichorea picha, wanaitungia hadithi za pembeni na kulia mhusika anapokufa. Inaitwa The Magnus Archives. Ilianza Machi 2016 na kufungwa Machi 2021 kwenye sehemu ya 200. Mwandishi wake ni Jonathan Sims, na ndiye pia sauti ya mhusika mkuu, aliyempa jina lake mwenyewe. Mashabiki humwita Jon tu.

Jon ni mkuu wa kumbukumbu katika taasisi ya kubuni jijini London. Kazi yake ni kusoma taarifa za watu waliokutana na mambo yasiyoelezeka: nani alisema, tarehe gani, aliona nini. Anasoma mbele ya kinasa sauti cha kanda, kwa sababu kompyuta haizishiki. Kila anapojaribu kurekodi taarifa ya kweli kwenye kompyuta, sauti inaharibika. Kwa hiyo sehemu huanza na ule mlio wa kitufe kinachobonyezwa, kanda inaanza kuzunguka, na mimi narudi sebuleni kwetu, kwenye kaseti tulizokuwa tunazirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri.

Ukiniuliza, siri yote iko hapo kwenye neno taarifa. Waandishi wengi wa hofu wanakuonyesha dude. Huyu anakuletea mtu aliyeliona, na mtu huyo anajitetea mbele yako, anataja barabara, saa na hali ya hewa, kwa sababu anajua hutamwamini. Ndivyo tulivyokuwa tunatishana Umoja. Kwato peke yake haitishi kitu. Kinachotisha ni ile chenji isiyochukuliwa.

Na hofu yetu haikuishia kwenye ngazi. Oktoba 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada za shetani nchini, mwenyekiti wake Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki, na ripoti ilitolewa hadharani 1999. Mtoto wa Eastlands wa miaka hiyo aliwasikia wazazi wakizungumzia mambo hayo kwa sauti ya chini huku redio ikitaja tume. Kwa hiyo nilipokutana na taasisi ya London inayohifadhi mafaili ya mashetani, sikuona jambo geni.

Sasa Jon mwenyewe. Mwanzoni ni mkavu na mwenye dharau. Anasoma taarifa ya mtu aliyepoteza ndugu, kisha anasema pengine alikuwa amelewa. Waliosoma Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar wataijua tabia hiyo ya kutokubali haraka. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960, anafika mahali ambapo kila mtu anaogopa mzimu na kutuonyesha kwamba nyuma yake kuna mkono wa binadamu. Bwana Msa anaingia gizani na kutoka na jibu, nasi tunalala salama. Jon anaanza na mashaka yale yale, ila yeye kadiri anavyochimba ndivyo anavyoona kwamba wale watu walisema kweli. Halafu linakuja jambo lililonifanya nisimamishe sauti na kukaa kimya kwenye basi: taarifa anazozisoma zinamgeuza. Hofu ya wenzake inakuwa chakula chake. Anahitaji kusikia tena, na tena.

Kuna pia Martin, msaidizi wake, kijana mpole anayedharauliwa na ambaye kila mambo yakiharibika anakwenda kuchemsha chai. Mkenya hawezi kutompenda mtu huyo. Sauti yake ni ya Alexander J. Newall, mwongozaji wa kipindi, na mapenzi yanayokua polepole kati ya Martin na Jon ndiyo yaliyowashika wengi mpaka mwisho. Mazimwi tunayasahau. Chai ya Martin hatuisahau.

Kwa kuwa ni sauti tupu, sura za hawa watu hazielezwi sana. Kila shabiki anajichorea wake, na wengi wanamchora Jon akiwa na ngozi ya kahawia. Mimi tangu siku ya kwanza ninamwona kama mwalimu wangu wa darasa la saba: shati lililopauka kola, macho mekundu kwa kutolala. Hakuna anayeweza kuniambia nimekosea. Waliokulia kwenye filamu za kigeni alizozisimulia DJ Afro kwa Kiswahili wanajua sauti moja inavyoweza kuiteka hadithi ya watu wa mbali na kuifanya yako.

Mashabiki hao si wa maneno tu. Mwaka 2022 watengenezaji, Rusty Quill, walipoomba mchango wa kutengeneza mwendelezo, zilikusanywa zaidi ya pauni laki tano. Mwendelezo huo, The Magnus Protocol, ulianza Januari 2024.

Msianze na huo. Anzeni na sehemu ya kwanza ya The Magnus Archives, usiku, taa zimezimwa. Kimombo chake ni cha kawaida, mtakifuata bila shida.

Nanyi mliokaa kwenye zile ngazi, iwe Umoja One, Umoja Two au Innercore, nina ombi. Ile taarifa mliyosimuliwa mwaka wa 2000 stima ikiwa imepotea, isemeni kwenye simu, kwa Kiswahili chenu cha mtaani, na mtaje siku, steji na nauli. Nitumieni. Nitazisikiliza zote, na nitaziweka hapa moja moja kila Alhamisi.