Kwa nini mvuke wa Menengai ulikawia kuwa umeme

Wakazi wa Nakuru wameishi miaka mingi chini ya Menengai, mlima wa volkeno ulio kaskazini mwa jiji lao, na wamezoea kuona mvuke ukifuka kutoka shimo lake pana. Mvuke huo hauagizwi ng'ambo kama mafuta, wala hautegemei mvua kama mabwawa ya mto Tana. Mbona basi kisima cha kwanza kilichimbwa mwaka 2011, na umeme wa kuuzwa ukapatikana mwaka 2023?

Jibu halimo katika mitambo. Limo katika suala la nani anayebeba hasara kisima kinapotoka kitupu, na nani anayelipa kisima chenye mvuke kinapokaa kikisubiri mnunuzi.

Chini ya Bonde la Ufa, tabaka la juu la dunia limevutwa hata likawa jembamba, na mawe yaliyoyeyuka, yaani magma, yamepanda karibu na uso wa ardhi. Maji ya mvua yanayopenya ardhini hukutana na mawe yaliyopashwa moto na magma hiyo, yakabaki humo yakiwa yamebanwa kwa shinikizo kubwa. Yakipewa njia ya kupanda, hugeuka mvuke wenye nguvu ya kuzungusha turbini. Lakini ili kisima kifae, mambo matatu sharti yakutane mahali pamoja: joto, maji na nyufa za kuyapitisha. Joto lisilo na nyufa ni mawe ya moto tu.

Wanajiolojia wanaweza kupima mitetemo, gesi na mkondo wa umeme ardhini, na vipimo hivyo hupunguza kubahatisha. Hata hivyo, uhakika hupatikana baada ya kuchimba kilomita mbili au tatu kwenda chini, kazi inayogharimu mamilioni ya dola kwa kila kisima. Menengai yenyewe ilitoa funzo ambalo hakuna aliyelitarajia: visima kadhaa vilikutana na magma yenyewe katika kina cha takriban kilomita mbili. Kwa mwanasayansi hiyo ni bahati isiyo kifani. Kwa mhasibu ni jambo jingine kabisa.

Kenya ilionja hasara ya namna hii mapema. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, katika miaka ya 1950, na havikutoa mvuke wa kutosha. Kazi ikaachwa hadi miaka ya 1970, Umoja wa Mataifa uliposaidia kugharimia utafiti na bei ya mafuta ikapanda ghafla baada ya mwaka 1973. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981, na kufikia mwaka 1985 ilikuwa mitatu. (Wengi husema huo ndio umeme wa kwanza wa mvuke barani Afrika. La hasha: kule Kiabukwa, Katanga, kulikuwa na mtambo mdogo wa kilowati 200 katika miaka ya 1950.)

Kutoka kisima kitupu cha kwanza hadi taa ya kwanza kupita karibu robo karne si jambo ambalo mwekezaji wa kibinafsi angelivumilia. Benki haikopeshi fedha za kutafuta kitu ambacho huenda hakipo. Ndiyo sababu serikali, baada ya sera ya kawi ya mwaka 2004 na sheria ya mwaka 2006, iliunda Kampuni ya Kustawisha Kawi ya Mvuke, GDC, mwaka 2008. Mpango ulikuwa rahisi kuueleza: serikali ichimbe na kubeba hasara ya visima vitupu, kisha iuze mvuke kwa kampuni za kibinafsi ambazo zingejenga mitambo na kuiuzia Kenya Power umeme. Muungano wa Afrika nao ulianzisha mwaka 2012 hazina ya kufidia sehemu ya gharama za uchimbaji wa majaribio katika nchi za Afrika Mashariki.

Menengai ndipo mpango huo ulipotiwa kwenye mizani. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali mwaka 2011 kukopesha fedha za kuchimba mvuke wa megawati 400. Baadaye hesabu ikapunguzwa, na awamu ya kwanza ikawa ya megawati 105, zigawanywe kwa kampuni tatu, kila moja megawati 35. Uchimbaji ulifanikiwa kwa kiasi cha kutosha awamu hiyo. Kilichokwama ni karatasi.

Anayekopa fedha za kujenga mtambo huulizwa na benki: je, Kenya Power ikishindwa kulipa, nani atalipa? Na iwapo mvuke wa GDC utapungua, nani atafidia? Wakopeshaji walitaka hakikisho la serikali, na serikali nayo ilisita kuongeza mzigo wa ahadi juu ya madeni yake. Kila upande ulikuwa na sababu zake, na miaka ikayoyoma. Visima vilivyokwisha kuchimbwa vilifungwa kwa vali, huku mikopo iliyovichimba ikiendelea kudai riba. Sosian Energy ilikuwa ya kwanza kuzalisha umeme, mwaka 2023, na mwaka uo huo Globeleq ilianza kujenga mtambo wa pili.

Linganisha na Olkaria, ambako KenGen inamiliki visima vingi pamoja na mitambo. Huko kampuni haikuhitaji kuandikiana mkataba wa mvuke na nafsi yake. Mwaka 2014 ilifungua Olkaria ya Nne yenye megawati 140, mwaka 2019 ikafungua ya Tano, na baadhi ya visima vilivyokuwa vikisubiri vikawekewa mitambo midogo pale pale kwenye mdomo wa kisima. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba hilo linathibitisha ubora wa mashirika ya umma kuliko kampuni za kibinafsi. Ormat ya Marekani imezalisha umeme Olkaria tangu mwaka 2000. Linaonyesha kwamba kuigawa kazi mikononi mwa watu wengi kuna bei yake, nayo hulipwa kwa miaka.

Na bili je? Umeme wa mvuke ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzalishaji wa taifa, na pasipo huo kila ukame ungerudisha jenereta za dizeli kwa wingi, pamoja na ada ya mafuta inayozifuata. Lakini bili ya mteja hujumuisha pia gharama za nyaya, kodi, na tofauti ya ubadilishaji wa fedha, kwa kuwa mikopo mingi ya visima na mitambo ni ya dola, yeni au yuro. Shilingi ikidhoofika, mvuke wa Nakuru hupanda bei ingawa haujasogea hatua moja.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana mchana. Usiku wa manane viwanda vingi hulala na mahitaji ya umeme hushuka sana. Kisima cha mvuke si mfereji wa kufungwa na kufunguliwa kila siku. Kukifanyia hivyo huweza kukiharibu. Kwa hiyo mvuke uliolipiwa kwa mikopo huachiliwa hewani. Mnamo Desemba 2017 serikali ilianza kuwauzia wenye viwanda umeme wa usiku kwa nusu bei ili kuwavuta, na KenGen imepanga eneo la viwanda huko Olkaria, penye umeme na joto pamoja. Wakulima wa Eburru wamekuwa na akili hiyo tangu zamani: hukinga mvuke wa nyufa kwenye mabomba upoe uwe maji ya kunywa, na kwa joto lake hukausha pareto.

Gharama ambayo haimo katika hesabu za benki ni ardhi. Mwaka 2014 kaya za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha Olkaria ya Nne, zikapelekwa katika makazi yaitwayo RAPland. Malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi wasuluhishwe na KenGen.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka mzalishaji alipe mrabaha: kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya kawi ya mvuke katika miaka kumi ya kwanza, kisha kati ya asilimia 2 na 5. Katika malipo hayo, asilimia 75 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti, na 5 ya jamii ya mahali hapo. Olkaria si vigumu kuonyesha jamii hiyo ni ipi. Menengai, ambako chini ya mlima kuna jiji zima upande mmoja na mashamba ya Bahati na Rongai pande nyingine, kila kijiji kitakuwa na hoja yake.