Dogo fundi wa kuotea, darasani bubu

JUMAPILI moja jioni kibanda umiza cha mtaani kwetu kilichafuka. Straika kapokea mpira akiwa nyuma ya mabeki wote, kaweka kambani, mwamuzi kaonyesha kati. Nusu ya kibanda inashangilia, nusu inapiga kelele: "Kaotea huyo! Kaotea!"

Akasimama dogo mmoja wa darasa la saba, mtoto wa jirani yangu.

"Oya, tulieni. Mpira umetoka wapi?"

Kimya.

"Umetoka kwa kurusha. Mpira wa kurusha hauna kuotea, hata kama mko wawili tu, wewe na kipa, mnapiga stori."

Fundi umeme mmoja, mtu mzima, akataka kumtega. Je, aliyerushiwa akimpasia mwenzake aliyeko mbele? Dogo hakuyumba. Alisema hapo hesabu inaanza upya, unaangalia ile sekunde mguu unapogusa mpira. Yule wa mbele yuko nusu ya wapinzani? Kaupita mpira? Kati yake na mstari wa goli kabaki mtu mmoja tu? Kama yote ni ndiyo na akaucheza mpira, kaotea. Likikosekana moja, twende kazi.

Fundi umeme akamsogezea kiti.

Sasa hebu itazame kazi aliyoifanya yule mtoto. Kapanga masharti matatu, kayaunganisha, kaweka na tofauti yake. Hiyo ndiyo akili inayotakiwa kwenye hesabu na fizikia. Na kaifanya kwa Kiswahili, bila kukwama, mbele ya watu wazima wenye hasira za timu yao kufungwa.

Januari akaingia kidato cha kwanza, shule ya kata. Miezi miwili baadaye nikamuuliza shule inaendaje.

"Mwalimu akiuliza swali, natazama daftari," akaniambia.

"Hujui majibu?"

"Mengine nayajua, anko. Maneno ndiyo sina."

Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, kisha asubuhi moja masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Ni kama umecheza chandimu maisha yako yote, siku ya fainali unapewa mpira wa kikapu, halafu wanasema huna kipaji.

Si jambo jipya. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili. Halikufanyika. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta wengi hawakiwezi kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Kuanzia 2002 watafiti wa hapa, akiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishirikiana na wenzao wa Norway na Afrika Kusini kulifuatilia jambo hilo madarasani. Walipolinganisha, wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili walizungumza zaidi na kuelewa zaidi. Kwa lugha ya mpira, marudio ya video yameonyeshwa zaidi ya mara moja, refa kashikilia uamuzi wake.

KANZU YANGU NA KALAMU NYEKUNDU

Lakini tusimsingizie Mzungu peke yake. Hata kwenye somo la Kiswahili lenyewe, mtoto wa mpira anachezewa rafu.

Nikiwa shule ya msingi niliandika insha kuhusu mechi ya mtaa. Niliandika kwamba winga wetu alimvisha beki kanzu, kisha akampiga kipa tobo. Ilirudi imekatwa kwa wino mwekundu, pembeni kuna maneno: "Mchezaji anavaaje kanzu uwanjani?" Tobo lilizungushiwa duara tu, bila maelezo. Nilipata nne kwa kumi. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, ila nadhani hajawahi kuvishwa kanzu.

Mbona neno lenyewe ni la kitaalamu kabisa! Mpira unapanda, unapita juu ya kichwa, unashukia mgongoni, kama vile vazi linavyovaliwa. Na kuotea je? Mwindaji huotea mnyama, anajibanza na kumvizia. Straika anayejibanza nyuma ya mabeki anafanya kitu kilekile. Waingereza wenyewe neno lao linataja mahali tu. Letu limetaja na kosa.

Au chukua "mkono". Simba walipoifunga Yanga 5-0 Mei 6, 2012, hakuna aliyehitaji kuhesabu, Yanga kala mkono. Novemba 5, 2023 Yanga wakalipa, 5-1, mkono ukarudi Msimbazi. Na hilo jina Yanga limetoka wapi, kama si mashabiki kuligeuza "Young" likae vizuri mdomoni?

Kitu wasichokijua wenye kalamu nyekundu ni kwamba lugha hii ina ngazi, na watoto wanazijua. Yule dogo akiwa na wenzake anasema "kampiga tobo". Bibi yake akimuuliza kelele za nini, anasema "kapitisha mpira katikati ya miguu ya mwenzake". Hakuna aliyemfundisha kubadilisha gia. Wazee wanaokumbuka akina Ahmed Jongo na Charles Hilary wakitangaza mpira Radio Tanzania wanajua kuwa Kiswahili kinaweza kuwa safi na bado kikachemka.

Tofauti zenyewe zina raha yake. Fungua gazeti la Kiswahili la Nairobi, utakuta straika anaitwa mvamizi na beki anaitwa difenda. Huku Dar mvamizi unamripoti polisi, na difenda ndilo gari wanalokuja nalo.

Sisemi mtoto aandike "utopolo" kwenye mtihani wa taifa. Wala sisemi Kiingereza kifukuzwe. Hao wachezaji wetu wanaotoka nje wanakihitaji kwenye mikataba, na wengine wameumia kwa kutokisoma vizuri. Kifundishwe, tena kifundishwe sawasawa. Ninachokataa ni mtoto anayejua jibu kuandikwa kuwa hajui.

Wiki iliyopita tulikuwa tena kibandani. Dogo kaja na sare ya shule, begi mgongoni. Mpira wa adhabu ukapigwa, goli likaingia, mshika kibendera kanyoosha. Watu wote wakageuka kumtazama yeye.

"Subirini marudio," akasema, akavua begi na kuliweka chini.