Kamera Ipi Yafaa kwa Darubini ya Shule?

Tarehe 30 Septemba 1880, Mmarekani Henry Draper alipiga picha ya kwanza ya wingu la gesi lililomo katika kundi la nyota liitwalo Jabari, chini ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Bamba lake lilipokea nuru kwa muda wa dakika 51. Bamba hilo lilikuwa zito kuamka kwa nuru kuliko kamera ya simu yoyote ya leo. Kilichomwezesha kuipata picha hiyo ni mtambo wa saa ulioizungusha darubini polepole ili iandamane na nyota.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila shule itakayo kununua kamera ya darubini. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya kamera, ilhali maswali mawili hutangulia: ni kitu gani kitakachopigwa picha, na darubini imesimama juu ya egemeo la namna gani?

Ukubwa wa taswira

Taswira iliyomo ndani ya darubini hukua kwa kadiri ya urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi au kioo kikuu hadi pale taswira inapotokea. Mwezi una upana wa karibu nusu digrii angani. Hivyo taswira yake huwa takriban sehemu moja ya 110 ya urefu huo. Darubini yenye fokasi ya milimita 1000 hutoa Mwezi wenye upana wa milimita 9. Taswira hiyo yaenea vizuri katika kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, ambayo kihisi chake, yaani kibamba kinachopokea nuru, mara nyingi huwa na milimita 24 kwa 16 hivi.

Sayari ni jambo jingine. Digrii moja hugawanywa katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60. Mshtarii huwa na upana wa sekunde 40 hivi tu. Katika darubini ile ile taswira yake ni milimita 0.2. Ikiwa kila pikseli, yaani kila chembe ya kihisi, ina upana wa milimita 0.004, sayari nzima itachukua pikseli 50. Kihisi chenye pikseli 6000 kwa upana kitajaza nafasi iliyobaki kwa giza. Ni dhahiri basi kwamba ukubwa wa kihisi hausaidii kitu katika picha za sayari.

Mwendo wa Dunia

Dunia hujizungusha digrii 15 kwa saa. Kwa sababu hiyo, ikiwa darubini haizungushwi, taswira ya nyota iliyo juu ya ikweta hutambaa milimita 0.07 kwa kila sekunde ya saa, nayo huvuka pikseli 18 hivi. Mwezi ni mng'avu, na sehemu moja ya 125 ya sekunde yaweza kutosha; mwendo huo hauonekani. Lakini wingu la Jabari hudai nuru ya muda mrefu zaidi, na bila egemeo lenye mota kila nyota itakuwa mchirizi.

Mhimili wa egemeo la namna hiyo huelekezwa kwenye ncha ya anga, ambayo kimo chake ni sawa na latitudo ya mahali. Dar es Salaam ncha ya kusini iko digrii 7 hivi juu ya upeo wa macho; Nairobi ni karibu digrii 1 tu. Mhimili hukaribia kulala kabisa, na si kila egemeo laweza kuinamishwa kiasi hicho. Yafaa kuuliza kabla ya kulipa. Kwa upande mwingine, Afrika Mashariki ina neema yake: sayari hupita juu sana, mara nyingine karibu na utosi, ambako hewa ya kupenya ni kidogo. London, sayari iliyo kusini kabisa mwa njia yake hufikia digrii 15 tu.

Uchaguzi

Kwa mwanzo, simu iliyofungwa kwa kibanio mbele ya lenzi ya jicho yatosha kwa Mwezi. Kibanio ni muhimu, kwani mkono hutikisika.

Kwa sayari, kamera ndogo ya video iunganishwayo na kompyuta ndiyo bora. Huchukua maelfu ya picha kwa dakika chache. Kisha programu kama AutoStakkert, itolewayo bure, huchagua zile ambazo hewa haikuzivuruga na kuzijumlisha kuwa moja.

Kamera ya kubadilisha lenzi yafaa kwa Mwezi mzima, na kwa mawingu ya gesi ikiwa egemeo lina mota na nguvu za kubeba uzito wake. Tahadhari moja: katika darubini nyingi ndogo za kioo, fokasi huwa karibu mno na bomba, na kihisi cha kamera hii hakiwezi kuifikia. Ni vema kuijaribu kwanza kamera ya kuazima.

Jua lisielekezewe darubini kamwe pasipo chujio maalumu linalofunika mdomo wote wa mbele. Kinyume cha hapo jicho laweza kupofuka na kamera kuungua.

Shule yenye fedha kidogo, basi, na ianze kwa simu na Mwezi. Akiba ipatikanayo baadaye itumike kwanza kwa egemeo imara, kwani kamera nzuri juu ya egemeo linalotikisika hunasa mtikisiko huo kwa ufasaha zaidi.