Mtani wa jadi si adui

Fahali wawili, walinena wahenga, hawakai zizi moja. Methali hii tumeikariri tangu utotoni, na aghalabu huwa tunaitumia kuhalalisha kila ugomvi, uwe wa siasa, wa biashara au wa michezo. Hata hivyo, wapo fahali ambao ukiwatenganisha kila mmoja wao hukonda. Nadai katika makala haya kwamba tofauti kati ya ushindani unaojenga na uhasama unaobomoa huanzia katika lugha, yaani katika jina tunalompa yule anayeshindana nasi.

Mfano wangu ni wa mbali kidogo. Mnamo Novemba 2024 nilisafiri kwa gari kutoka Ann Arbor, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, hadi Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, mwendo wa takriban kilomita 300. Aliyeendesha gari ni kijana wa Kakamega niliyemfundisha hapa nyumbani na ambaye sasa anasomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan. Tulikusudia kutua Columbus kwa chakula cha mchana tu, kisha tushike njia. Lakini ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba, na msomaji asiyezijua desturi za huko hana budi kuelezwa maana ya wiki hiyo.

Kila mwaka, wakati kama huo, timu ya Chuo Kikuu cha Michigan hupambana na ile ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kilichoko Columbus. Mchezo wenyewe ni kandanda ya Kimarekani, ambayo mpira wake hubebwa mikononi kuliko unavyopigwa kwa mguu. Timu hizi zilikutana mara ya kwanza mwaka 1897, Michigan ikashinda 34-0. Uwanja wa Columbus ulifunguliwa mwaka 1922 na ule wa Ann Arbor mwaka 1927, na kila mmoja unaketisha watu zaidi ya 100,000. Hatuna uwanja wa kiasi hicho katika Afrika Mashariki nzima, nao huujaza kuwatazama wanafunzi!

Chimbuko la uhasama huo, hata hivyo, si mpira. Mwaka 1835 Ohio na Michigan ziligombea kipande cha ardhi chenye mji wa Toledo, zikakusanya wanamgambo mpakani. Vita hivyo havikumwaga damu ila ya naibu wa shirifu mmoja aliyechomwa kwa kisu kidogo. Mwaka 1836 Bunge la Marekani likaamua kwamba Toledo ibaki Ohio, nayo Michigan ifidiwe eneo kubwa la kaskazini, ng'ambo ya maziwa, kisha ikubaliwe kuwa jimbo kamili mwaka uliofuata. Mzozo wa ardhi ukaisha. Ukabaki mzozo wa maneno, na hapo ndipo mwanaisimu anapotega sikio.

Katika wiki hiyo, watu wa Columbus huiwekea mwiko herufi M. Ndani ya chuo kikuu utaona mabango, majina ya majengo na vibao vya maelekezo vimebandikwa utepe mwekundu kila mahali penye herufi hiyo, kwa sababu ndiyo inayoanza jina la mpinzani. Jina lenyewe halitamkwi. Husemwa tu "timu ya huko kaskazini," msemo unaohusishwa na kocha wao mashuhuri, Woody Hayes. Anayeona jambo hili ni utoto na akumbuke desturi ya hlonipha miongoni mwa Wazulu na Waxhosa, ambapo mke huepuka jina la baba mkwe wake, na hata silabi za jina hilo zitokeapo katika maneno mengine. Mwiko wa jina si dalili ya dharau. Aghalabu ni ishara kwamba mwenye jina ana uzito mkubwa katika maisha yako.

Mapenzi yao ya maneno hayaishii hapo. Mmoja akipaza sauti kwa herufi mbili za mwanzo za neno Ohio, hata mtu asiyemjua, upande wa pili wa barabara, humwitikia kwa mbili za mwisho, mithili ya hodi na karibu zetu. Isitoshe, mnamo Juni 2022 chuo hicho kilipewa na serikali haki ya kulisajili neno "the" kuwa alama yake ya biashara katika mavazi. Sisi wenye lugha isiyo na kijineno hicho twaweza kucheka, lakini wao walilipigania kama watu wanaopigania shamba.

Turejee kwenye chakula. Tuliingia mkahawa mmoja mdogo, kijana wangu akiwa amevaa kofia ya buluu yenye herufi M ya manjano. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akihudumia wateja alisimama, akaitazama ile kofia, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Wewe nitakulisha, maana ni mtoto wa watu. Kofia yako lakini haina kiti hapa." Wateja waliangua kicheko. Kijana akaivua, akamjibu kwamba kofia hiyo imeshinda miaka mitatu mfululizo na haina njaa. Ilikuwa kweli. Michigan ilikuwa imeshinda mwaka 2021, 2022 na 2023. Yule mama akashika kifua kana kwamba amechomwa mkuki. Chakula kilipokuja kilikuwa kingi kuliko tulivyoagiza, na katika stakabadhi kila M ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu. Tulipoaga, alituambia, "Endesha polepole, mwanangu. Jumamosi tunawataka nyote mkiwa wazima, mje mpigwe."

Tulipofika garini, kijana aliniambia, "Mwalimu, yule ni shemeji yetu hasa."

Hakukosea. Watu wa Columbus na wa Ann Arbor wanauishi utani bila ya kuwa na neno lake. Kiingereza kinawapa maneno ya mshindani na adui, lakini hakina neno moja la mtu ambaye desturi inakuruhusu, tena inakulazimu, kumtania bila ya yeye kukasirika. Kiswahili kinalo. Babu na mjukuu ni watani. Yapo makabila yaliyo watani, na katika mila hiyo mtani ndiye anayekuja matangani kukuchekesha machozi yakikulenga, kisha akashika jembe kuchimba kaburi. Simba na Yanga za Tanzania huitwa watani wa jadi. Hapa kwetu, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards tumeipa jina la mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana vizazi na vizazi.

Historia ya timu hizo mbili za Marekani yatilia nguvu hoja hii. Bo Schembechler alikuwa mchezaji wa Hayes, kisha msaidizi wake, kabla ya kuwa kocha wa Michigan mwaka 1969 na kumpiga mwalimu wake 24-12 katika jaribio la kwanza. Kwa misimu kumi walishindana vikali, Schembechler akashinda mara tano, Hayes mara nne, na mara moja wakatoka sare. Inasimuliwa kwamba Hayes alikataa kununua petroli Michigan, akaapa kuwa afadhali alisukume gari hadi mpakani. Lakini mnamo Machi 1987, akiwa mgonjwa, mzee huyo alisafiri hadi Dayton kumtambulisha Schembechler mbele ya wageni katika karamu. Alifariki siku iliyofuata.

Sisemi kwamba utani haupasuki. Jumamosi ile, Novemba 30, Michigan ilishinda 13-10 huko huko Columbus. Baada ya kipenga cha mwisho, wachezaji wake walijaribu kusimika bendera yao katikati ya uwanja wa wenyeji. Ngumi zikarushwa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, na kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000. Tazama kilichobadilika. Utepe juu ya herufi wasema, "Sitaki kukutaja." Bendera katika ardhi ya mwenzako yasema, "Hapa sasa ni pangu." La kwanza ni utani. La pili ni lugha ya uvamizi, na mtu huijibu kama uvamizi.

Hapo ndipo mfano huu unapotugusa sisi Wakenya. Katika machafuko ya Bonde la Ufa miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, lilisikika neno "madoadoa," likiwalenga majirani waliotoka makabila mengine. Kisarufi ni neno la kawaida, lakini lichunguze maana. Doa halitaniwi wala haliozi binti, na hakuna anayelingoja Jumamosi ili ashindane nalo. Doa hufutwa. Aliyemwita jirani yake doa alikwisha kumfukuza kwa ulimi kabla ya kushika kiberiti, na zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha katika machafuko ya 2007 na 2008.

Kwa hiyo nawasihi walimu, watangazaji wa michezo na wanasiasa wetu wapime majina wanayowapa wapinzani. Kipimo ni chepesi: je, jina hili linamwachia mwenzangu nafasi ya kuwapo kesho? Mtani ana nafasi hiyo, na shemeji pia anayo. Doa halina. Uchaguzi ukikaribia, mwanasiasa atakayesimama jukwaani na kumtania mpinzani wake hadi umma ucheke hatakuwa ameivunja heshima ya siasa. Atakuwa ameutangazia umati kwamba mpinzani huyo ni wa zizini humu humu, na kwamba baada ya kura kuhesabiwa ataendelea kulala humo.